Miamba Sebuleni: Kuanza Tangi la Maji Chumvi Ukiwa Malindi

HALIMA: Assalamu alaikum msikilizaji, karibu tena. Mimi ni Halima, niko na Kazungu hapa Malindi. Leo ni tangi la maji chumvi, lile lenye matumbawe hai na samaki ndani. Swali linaloletwa na wengi ni hili: mtu wa pwani, bahari anaiona kutoka dirishani, anunue maji na mawe ya nini?

KAZUNGU: Waalaikumu salaam, dada Halima. Ni swali la haki kabisa. Lakini kabla mtu hajashika ndoo tuelewane: jiwe hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe ndani yake, na tumbawe hai havitolewi baharini. Hifadhi yetu ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za baharini Afrika, na ndani yake huchukui kitu. Na hata kwingineko, matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Hayavuki mpaka bila kibali, na kwa Kenya kibali hicho ni cha KWS, shirika la wanyamapori.

HALIMA: Na miamba hii imeteswa vya kutosha. Joto la mwaka 1998 liliyapausha matumbawe ya pwani yetu, mengi yakafa. Mimi siwezi kukaa sebuleni nikafurahia kitu nilichokibomoa kule.

KAZUNGU: Jiwe la kutumia lipo. Chukua lile tunalojengea nyumba, tumbawe la kale la machimboni. Hiyo ilikuwa miamba ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, ikaachwa nchi kavu maji yalipoteremka. Majumba ya Gede, ule mji wa kale uliobaki magofu, yamejengwa kwa jiwe hilo hilo. Tafuta vipande vyenye matundu mengi, vyepesi kuliko unavyodhania kwa macho. Visugue, viloweke, ubadilishe maji mpaka yaache kuwa na udongo. Jiwe la ukuta uliobomolewa liache, lina saruji na rangi.

HALIMA: Haya, maji.

KAZUNGU: Maji ya bahari yanafaa, ila si ya siku yoyote wala mahali popote. Sisi tuna Mto Sabaki hapo kaskazini ya mji. Mvua ikinyesha bara, mto unashusha udongo mwekundu mpaka bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Na upepo wa kaskazi ukishika, udongo ule unasukumwa kuja huku kwetu. Kwa hiyo teka wakati wa maji kujaa, siku ambayo bahari ni safi, mbali na mto na mbali na mifereji ya mji. Yaache kwenye mitungi yatulie, uyachuje kwa kitambaa kizito. Kisha yapime: gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, au kipimo cha uzito wa maji, ambacho kwa maji matamu husoma 1.000, kisome 1.025 au 1.026.

HALIMA: Kuna kijana aliniuliza, chumvi si tunaivuna kwenye mabwawa ya Gongoni hapo? Akoroge tu.

KAZUNGU: Hapana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kwenye yale mabwawa, maji yanakauka kwa jua, chumvi ya kula inaganda, halafu maji machungu yanayobaki juu yanamwagwa. Magnesiamu nyingi imeondoka na maji yale, na kalsiamu ilishaganda ikabaki kwenye mabwawa ya mwanzo. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu. Ukilipatia chumvi tupu, litajengea nini? Ukikosa maji safi ya bahari, nunua chumvi iliyotengenezewa matangi.

HALIMA: Sasa hapa ndipo watu wanaposhindwa kungoja. Tangi limejaa, mawe yamepangwa, pampu inazungusha maji, linang'aa. Mtu anataka samaki kesho yake.

KAZUNGU: Na samaki atakufa. Samaki anatoa amonia, chakula kikioza kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Baharini kuna bakteria wa kuila. Aina moja inaigeuza kuwa nitriti, aina nyingine inaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaweza kuishi nayo ikiwa kidogo na kuipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanakaa kwenye yale matundu ya jiwe. Jiwe la machimbo halina hata mmoja, wanahitaji wiki 4 hadi 6 wazaliane.

HALIMA: Waeleze unavyowalisha.

KAZUNGU: Kipande cha kamba mbichi, yule wa kuliwa, ukubwa wa dole gumba, ndani ya soksi nyembamba, kining'inie humo kioze. Kila baada ya siku mbili tatu teka maji kwenye kichupa cha kipimo, tia matone ya dawa yake, ungoje rangi. Vipimo vingi vya amonia vinaanza na manjano, sumu ikiwepo vinakwenda kijani. Utaona kijani kinakolea wiki nzima, halafu siku moja kinaanza kufifia, na hapo nitriti ndiyo inapanda. Vyote viwili vikirudi sifuri, na ukitia chakula kidogo vikabaki sifuri mpaka kesho yake, tangi lina uhai. Katikati hapo mchanga utavaa utando wa kahawia. Usiogope, utapita.

HALIMA: Mimi nilikuwa nakaa na tangi langu usiku na tochi. Jiwe ulilojua ni kavu kabisa, unaona vidudu vidogo kama chembe za unga vinakimbia juu yake, vilivyoingia na maji ya bahari. Napenda hatua ile kuliko hata samaki.

KAZUNGU: Ni kweli. Sasa joto, maana vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, vinahimiza hita. Sisi mwezi wa tatu chumba chenyewe kina digrii 31. Tumbawe linataka 25 hadi 27. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha digrii 2 au 3.

HALIMA: Lakini maji yatapungua haraka.

KAZUNGU: Yatapungua, na chumvi haipungui, inabaki tangini. Kwa hiyo unaongeza maji matamu tu, kila siku. Kisima hakifai, visima vyetu vingi vina chumvi na madini. Maji ya bati pia mimi siyaamini, yana zinki. Zinki na shaba huua konokono na matumbawe wakati samaki bado anaogelea vizuri. Nunua ya kuchujwa, na uyapime mwenyewe.

HALIMA: Stima ikipotea?

KAZUNGU: Pampu ya hewa ya betri, iwe tayari imechajiwa. Joto likipanda na maji yamesimama, hewa inakwisha upesi.

HALIMA: Wa kuingia kwanza ni nani?

KAZUNGU: Konokono wa kula mwani. Baada yao samaki wawili, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni. Kitatange mwache, wengi wao chakula chao ni matumbawe yenyewe. Kangaja anakua mkubwa, tangi la lita 200 litamtesa. Mimi napendekeza wale wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi na maua ya bahari, wanaoitwa clownfish kwa Kiingereza, waliozalishwa kwenye matangi. Nunua wawili wachanga. Hakuna anayeanza akiwa jike, halafu mkubwa wao anageuka jike, na yule mdogo anabaki dume.

HALIMA: Na matumbawe?

KAZUNGU: Miezi mitatu minne baadaye, na uanze na yale laini. Vipande vilivyokuzwa kwenye mashamba ya matumbawe, vyenye karatasi zake za kibali.

HALIMA: Maswali ya taa yamekuja mengi, tumeyaweka ya kipindi kijacho. Ahsante, Kazungu.