Kijiti, Sindano na Damu Isiyo na Ratiba
(Mhadhara kwa kina mama, Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wakubwa; hamjambo mashoga. Leo ni maudhi ya uzazi wa mpango, yaani usumbufu unaoletwa na njia hizo, hasa damu, maana ndiyo inayowapeleka wengi kutoa kijiti, kile kifimbo kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kabla ya muda wake.

Kijiti na sindano vina homoni ya projestini, inayoufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba na dhaifu. Ukuta huo huvuja ovyo: leo matone, kesho wiki nzima, kisha kimya. Kwa sindano ya miezi mitatu, kimya hicho ni cha kawaida zaidi kadiri mtu anavyoendelea kuchoma. Hapo barazani huanza kusemwa kwamba damu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi; ukuta haukujengeka, basi itoke nini?

Damu ya kijiti ikikuchosha, rudi kliniki. Asiye na vidonda vya tumbo anaweza kupewa ibuprofeni miligramu 800, mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku 5. Au vidonge vyenye homoni mbili, kimoja kila siku kwa siku 21, ila lazima presha ipimwe kwanza. Dawa hizi hutuliza tu, damu inaweza kurudi. Lakini ikianza ghafla baada ya miezi ya utulivu, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, upimwe mimba, maambukizi na mlango wa kizazi. Mhudumu anayesema “ni kijiti tu” bila kukupima, huo ni uvivu.

Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, hakina homoni. Chenyewe huzidisha hedhi na msokoto wa tumbo, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu aseme mapema.

Sindano haiui kizazi, ila huchelewesha: kwa wastani mimba huja kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto karibuni achague njia nyingine. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu au efavirenzi ya VVU naye ataje, kwani hupunguza nguvu ya kijiti.

Kutoa kijiti ni haki yako siku yoyote, hata miaka 3 au 5 haijatimia. Anayekitoa awe amefunzwa, achome ganzi, akate padogo. Kisipopapasika, asikitafute kwa wembe. Kwanza kionekane kwenye ultrasaundi au eksirei.