Wateja wa kudumu wa ambulansi huku Uingereza

Haya, Tanga mpo? Ngamiani, Chumbageni, Makorora? Ndo nimetoka shifti ya usiku saa hizi, masaa 12, msiniangalie macho. Sasa kuna mtu kaniuliza kwenye komenti, eti huko si ambulansi ni bure, watu hawaiti ovyo? Wanaita bwana! Tena kuna wateja wa kudumu kabisa, mtu mzima akipiga 999, namba ya dharura ya huku, mara 5 ndani ya mwezi, au mara 12 kwa miezi mitatu, anaingia kwenye orodha na kuna watu kazi yao kumfatilia.

Sisi wa kwenye gari tunawaonaje? Nisiwadanganye, tunanuna. Anwani ikitokea tu kwenye skrini mwenzangu anavuta mdomo, "yule yule". Maana gari likiwa pale kuna mwingine kapata kiharusi anasubiri, na kwa huyo lengo ni kufika kwa wastani wa dakika 18, lengo lenyewe mara nyingi halifikiwi.

Ila kuna babu mmoja, jina simtaji, siri ya kazi. Tukiingia tunamkuta keshafungua vifungo vya shati, vile vistika vya kupimia moyo anajua vinakaa wapi, ananielekeza mimi! Mezani kuna vikombe vitatu vya chai, na anaishi peke yake. Na huyo mwenzangu mnunaji ndo anayejua sukari iko kabati gani 😂

Na kumpuuza huwezi. Presha anayo kweli, kisukari anacho kweli, wengi wao wana magonjwa yao, wengine akili haijatulia, wengine pombe, kwa hiyo kila safari unampima upya kama hujawahi kumwona, maana siku utakayosema "huyu twamjua" ndo hiyo hiyo.

Kwetu gari lenyewe utalipatia wapi, twapakizana kwenye bajaji mpaka hospitali ya Bombo, labda mama mjamzito ndo ana ile 115, namba ya bure ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito. Lakini mzee asipoonekana kwenye kahawa asubuhi, saa mbili kashagongewa mlango.

Nilipomsimulia mama kaniuliza, "Sasa huyo babu mlango wake watazamana na wa nani?" Nikacheka. Baadae ndo nawaza, mi mwenyewe nna mwaka wa sita jengo hili, jirani yangu namjua kwa mbwa wake tu.