Pampu Kubwa Haitoshi: Mkondo wa Maji na Utando wa Bakteria Bombani

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi na wanafunzi, karibuni.

Hapa Moshi tuko jirani na mashamba ya miwa ya TPC, kwa hiyo naanza na sukari. Popote duniani juisi ya miwa ikizubaa, bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides hula sukari na kutoa dekstrani, ute mzito unaoshika mabomba na kuziba vichujio. Maji matupu nayo hujenga utando wake, mwembamba zaidi, kama ukoga wa meno.

Dawa inayotajwa kwanza ni kuongeza kasi. Haya, tupige hesabu. Bomba la kipenyo cha milimita 50, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, namba ya Reynolds, yaani kipimo cha msukosuko wa maji, ni kama 50,000. Msukosuko huo ni mkubwa, maana mtiririko tulivu huishia kwenye 2,300 hivi. Lakini ukutani kabisa hubaki tabaka tulivu lenye unene wa kama milimita 0.1. Bakteria ana mikromita 1 au 2 tu. Humo wanapandana kwa makumi na msukosuko hauwagusi.

Ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya kukwangua ukuta hupanda zaidi ya mara 3 na tabaka lile hupungua karibu nusu. Umeme wa pampu, sasa, hukaribia mara 7. Mwenye kiwanda ataona bili kabla ya kuona usafi.

Tena maji hayohayo yanayokwangua ndiyo yanayoleta chakula na oksijeni. Utando uliokulia kwenye mkondo wa polepole huwa mnene na laini, hubanduka. Uliokulia kwenye kasi huwa mwembamba, umeshikamana, unang'ang'ania. Kasi iliyoulea haiung'oi. Ndiyo maana viwanda vya maziwa na bia huosha mabomba kwa kostiki (magadi makali) ya moto, maji yakienda angalau mita 1.5 kwa sekunde.

Wanafunzi mnaotafuta mada, msipime kasi moja tu. Wekeni vipande vya chuma vinavyochomoleka ukutani mwa bomba, muone utando ulioota juu yake, na mfuatilie presha inavyopotea njiani.

Nanyi mafundi, tafuteni tii, yaani viungo vya bomba vyenye umbo la T, zilizozibwa mwisho. Mkia huo uliozibwa ukizidi kipenyo cha bomba mara 2 au 3, mkondo haufiki ndani, hata mfunge pampu ya ukubwa gani. Ukateni.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.