Nafasi Ipo, Mtoto Yuko Wapi?

Walimu wangu, akina mama, akina baba, nanyi wazee wa mtaa mliotoka Likoni, Jomvu na Kisauni hapa Mombasa, ahsanteni kwa kuja.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti chekechea, na tangu 2013 kaunti ndiyo inayojenga madarasa ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya kabla ya darasa la kwanza, na kuajiri walimu wake. Juu ya majengo tumesema sana. Mimi nataka tuulizane kwa nini kuna mtoto wa miaka 4 aliyebaki nyumbani na darasa la umma liko hapo karibu.

Mama anayefua nguo za watu Nyali hutoka Mshomoroni alfajiri, akarudi magharibi. Chekechea ikifunga adhuhuri, nani atamchukua mwanawe? Humwacha kwa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku, kwa sababu huko atakaa mpaka jioni. Huniuma kusikia mama huyu akiambiwa hajali elimu. Hesabu yake ameipiga sawasawa.

Wengine wanao wakati wa kumchukua mtoto adhuhuri, lakini hulipa akademi ya kichochoroni ili mtoto aanze na Kiingereza. Mtaala unataka aanze kwa lugha ya mazingira yake, na hapa mjini ni Kiswahili. Mtoto hujifunza anachokielewa. Wazazi hawa tuwaalike wakae darasani, waone wenyewe.

Wala si kwetu tu ambako nafasi ipo na mtoto hayupo. Kule England kila mtoto wa miaka 3 na 4 ana saa 15 za chekechea ya bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. 2013 wakaongezwa wa miaka 2 kutoka familia zenye kipato kidogo, na hao ndio waliojitokeza kwa uchache zaidi, ingawa ndio waliokusudiwa hasa.

Dawa yake Mombasa inaijua. Miaka ya 1980 wazazi wengi Waislamu walihofu chekechea ingewatenga watoto na dini yao, na watoto wakifika shule ya msingi wanaachwa nyuma. Kwa msaada wa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, Bi Swafiya Said akaanzisha chekechea ndani ya madrasa zenyewe. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, wakafunzwa kazi. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana hapohapo, nyimbo zikawa za kwetu. Wazazi wakaleta watoto, na mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Hakuna aliyewalazimisha, darasa ndilo lililowafuata walipo.

Sasa darasa lifuate saa za mama. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni kwisha, na sheria inatupa haki ya kutoa maoni. Twendeni na ombi moja, limeandikwa na kutiwa saini: katika kila wadi, zote 30, chekechea moja ya umma ibaki wazi hadi saa kumi na moja jioni, watoto wapate uji, na mwalimu wa zamu ya mchana alipwe. Karatasi ya saini iko pale mlangoni.