Pangani ilikuwaje ikawa mji mdogo?

HAMISI: Haya wasikilizaji karibuni tena, leo tuko mkoa wa Tanga, Pangani. Niko na dada yangu Mwanaidi kama kawaida. Da Mwana, za tangu juzi?

MWANAIDI: Salama kaka, ila nina dukuduku langu ngoja nilitoe kwanza. Watu wakisikia Pangani wanawaza bichi na kisiwa cha Maziwe basi, wanaona kamji kametulia wanadhani ndo kalivyozaliwa. Kumbe karne ya 19 pale palikuwa mlango wa misafara ya Kilimanjaro na Umasaini, pembe za ndovu zinashuka, vitambaa na shanga vinapanda, yaani mji umechangamka kwelikweli.

HAMISI: Na watumwa pia, tusiwaruke.

MWANAIDI: Hawarukiki hao. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa na waliokuwa wanayalima ni watumwa. Sasa huyu Abushiri bin Salim aliyeongoza vita ya kuwapinga Wajerumani, tunayemwita shujaa, naye alikuwa na shamba lake la miwa hapohapo na watumwa wake.

HAMISI: Hapo umewachokoza watu wa Pangani bana.

MWANAIDI: Wachokozeke tu, haimpunguzii kitu alichomfanyia Mdachi. Mi sipendi tu shujaa wa kuoshwa na sabuni.

HAMISI: Haya, tupe hiyo vurugu ya bendera.

MWANAIDI: 1888 hiyo. Sultani Khalifa wa Zanzibar mwezi Aprili kasaini mkataba, pwani inaendeshwa na kampuni ya Wajerumani, Agosti wakaja kukabidhiwa. Pangani kaletwa mtu anaitwa Emil von Zelewski, wenyeji wakambatiza Nyundo, we jiulize mtu anapewaje jina hilo. Akataka bendera ya kampuni ipepee, liwali akagoma, jamaa akaenda kuleta askari wa manowari. Watu wakachachamaa, Septemba wakamfungia ndani ya nyumba yeye na wenzake mpaka watu wa Sultani walipokuja kuwatoa.

HAMISI: Subiri kwanza, Zelewski huyu si ndo yule wa Lugalo?

MWANAIDI: Ndo huyohuyo! Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa wakammaliza kule Iringa. Hizi habari mbili watu wanazisoma kama hazijuani kabisa.

HAMISI: Na Abushiri?

MWANAIDI: Ujerumani ikamleta kamanda wao Wissmann na mizinga na askari wa kukodi toka Sudan na Msumbiji. Pangani ikaanguka Julai 1889, Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akanyongwa Pangani hapohapo tarehe 15 Desemba.

HAMISI: Kwahiyo vita ndo iliua mji.

MWANAIDI: Wengi wanasema hivyo, mi nakataa. Kilichoiua Pangani ni reli. Tanga ina ghuba ya kina, Pangani mdomoni mwa mto kuna fungu la mchanga, meli kubwa haiingii. 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, 1911 ikafika Moshi, sasa nani tena abebe mzigo kichwani wiki na wiki kuja Pangani wakati treni ipo?

HAMISI: Na mwaka huohuo wa 1893 ndo mkonge ukaingia.

MWANAIDI: Na uliingilia wapi? Pangani! Dokta Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vilivyofika hai 62 tu, vikapandwa Kikogwe. Kutoka kwenye hivyo 62 Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, halafu ukiuliza leo mji wa mkonge upi utaambiwa Tanga.

HAMISI: Inauma. Na zile nyumba za zamani upande wa mtoni zinazidi kuchoka.

MWANAIDI: Zile ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mtu ana nia njema kabisa anataka kukarabati, anachapa saruji juu yake. Chokaa inapumua kaka, saruji haipumui, unyevu na chumvi vinabaki ndani vinakula ukuta kimyakimya, baada ya muda plasta inabanduka na kipande cha jiwe. Hapo bado hujagusa mambo ya warithi, nyumba moja wenyewe kumi, mmoja Dar, mwingine Mombasa, nani atoe hela?

HAMISI: Afu lile daraja la mita 525 la mto Pangani, gari zikishaanza kupita hakuna tena kusubiri pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Watu watatoka Tanga mpaka Bagamoyo hata maji hawajashuka kununua.

MWANAIDI: Daraja mi nalitaka, mgonjwa wa Bweni hawezi kusubiri pantoni usiku. Ila halmashauri iweke kibao Kikogwe, kingine pa Abushiri, na hela za kupaka rangi majengo wawape mafundi chokaa wafundishe vijana.

HAMISI: Wazee wa chokaa wapo bado?

MWANAIDI: Tuwaulize wasikilizaji. Mlioko Pangani, kama mnamjua fundi anayechoma chokaa mpaka leo tutumieni voisi, tunataka aje hapa tumhoji.