Kandambili Ndani ya Gunia

Wanangu, walimu wenzangu, nililisema Iringa, nikalisema Tukuyu, na leo hapa Mbeya nalirudia: tukishasema molekuli mbili ni taswira za kioo, kama mkono wa kushoto na wa kulia, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kioo kinakuambia zinatofautiana. Hakikuambii zikikutana ndani ya kimiminika zitajuana kiasi gani.

Tazameni kandambili hii ya mguu wa kushoto. Naing'oa kanda, hivi. Imebaki soli tupu. Naipindua. Umeona, mama pale mbele? Imekuwa ya kulia! Kitu bapa, kushoto na kulia ni kugeuka tu. Kilichoipa mguu wake ni zile kanda, kijinundu juu ya ubapa.

Sasa jaza gunia kandambili, kushoto na kulia, utikise. Zitalaliana tu, hazichaguani. Jaza mabuti ya mvua: buti lina kisigino, lina upinde, la kushoto huzama ndani ya la kushoto mwenzake, la kulia likija linakaa upande. Molekuli ndivyo zilivyo. Tena zenyewe hazitulii, zinabiringika usiku na mchana. Nishati ya kubiringika huko kwenye joto la chumba ni kama kilojuli 2.5, yaani juli 2,500, kwa moli, kile kipimo cha wingi wa molekuli. Ukichanganya kimiminika cha molekuli za kushoto na cha za kulia, badiliko la joto kwa jozi nyingi ni juli chache hadi makumi kadhaa kwa moli. Linamezwa!

Najua mtu ataniuliza: mbona pua inajua? Karvoni, kimiminika chenye harufu, moja hunukia mnanaa, pacha wake wa kioo kisibiti, na zote huchemka kwenye nyuzi 231 za Selsiasi. Ndugu yangu, pua ina kipokezi, mfuko uliokwisha kukunjwa, unangoja mgeni. Jirani wa ndani ya chupa hangoji mtu.

Basi tafuteni umbo lenye kina. Heksahelisini ni pete sita za benzini zilizojisokota kama skrubu; wanakemia Newman na Lednicer walizitenganisha ya kushoto na ya kulia mwaka 1956. Pasteur, mwanakemia Mfaransa, wa 1848 namruka, yeye alichambua fuwele za kushoto na za kulia, vitu vigumu.

Muda umekwisha na pareto yetu sijaigusa. Kwa kifupi: ua lake huunda piretrini, sumu ya wadudu, za mkono mmoja. Alethrini ya kiwandani, ndugu yake, ina mipangilio 8 ya umbo, na mipangilio hiyo haiwaui mbu kwa nguvu sawa, ingawa kwa macho ni mafuta yaleyale. Anayetaka kuitenganisha ayapitishe mafuta hayo kwenye safu ya kromatografia, bomba la kutenganishia molekuli, iliyojazwa kitu chenye mkono wake, maana humo molekuli hukuta ukuta uliotulia.