Daktari, setrizini inatibu kolaitisi?

Wa nyuma mnanisikia? Haya. Kliniki naulizwa sana, "daktari, juzi nilimeza setrizini ya mafua ya aleji, mbona na tumbo nalo likatulia, kwani hii inatibu kolaitisi?" Ni swali zuri sana hilo, kolaitisi ni uvimbe wa utumbo mpana.

Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli zinaitwa masti, Paul Ehrlich wa Ujerumani ndo alizielezea mwaka 1878, zimejaa vipunje vya histamini, kemikali ya aleji, yaani chavua ikizichokoza puani zinamwaga unaanza kupiga chafya, sasa seli hizohizo ziko tumboni, na kwa wenye kolaitisi ya vidonda au Crohn, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo, zimekutwa zimechachamaa. Ndo watu wakawaza, je tukizizuia?

Walijaribu kitambo. Huko Uingereza kulikuwa na daktari Roger Altounyan, mwenyewe ana pumu, alikuwa anavuta makusudi vitu vinavyombana kifua ili apime dawa kwenye mapafu yake, hebu fikirieni moyo huo! Ikapatikana kromoglaikati mwaka 1965, inazituliza seli za masti zisimwage. Miaka ya 1970 wakawapa wagonjwa wa kolaitisi, majibu ya mwanzo yakatia moyo kweli, majaribio yaliyofuata hola, haikuishinda hata dawa feki, ile isiyo na dawa yoyote ndani. Iliniuma niliposoma. Ila uvimbe wa kolaitisi una wachokozi wengi, kuondoa histamini peke yake ni kufukuza nzi mmoja buchani.

Sasa 2016, Leuven kule Ubelgiji, watafiti wakawapa watu ebastini, dawa ya aleji ya kawaida tu inayozuia histamini kama setrizini, wiki 12, maumivu ya tumbo yakapungua kuliko kwa waliopewa feki. Ila sikilizeni vizuri hapa, hao walikuwa na IBS, tumbo linasokota bila vidonda, sio IBD, yaani kolaitisi ya vidonda na Crohn. Histamini inazifanya neva za utumbo ziwe kali, jambo dogo linauma sana, ebastini inazipoza.

Matumaini yangu mimi yako hapohapo, kwa yule mgonjwa wetu ambaye tukipitisha kamera tunaona vidonda vimefunga lakini bado analala amekunja magoti kwa maumivu, na wapo wengi jamani, huyo ndo nataka afanyiwe utafiti wa hizi dawa. Mesalazini yako, dawa ya kolaitisi, endelea nayo, usiiache kwa ajili ya Piriton ya aleji, vidonda vitarudi huku wewe unasinzia tu.

Dada mwenye kitenge cha bluu, ulinyoosha mkono, karibu.